Kamba ya Mgomba Kwenye Gurudumu

Pikapu ya kaka yangu, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, ilikuwa imeanza kulia upande wa mbele. Fundi wetu hapa sokoni Kangeta alifungua gurudumu, akanionyesha beringi. Ilikuwa imeungua, nyeusi kama mkaa. Beringi mpya tulikuwa nayo. Sili, ule mpira unaozuia oili isitoke kwenye ekseli, hatukuwa nayo, na ya zamani ilikuwa imechanika.

"Sili iko Meru mjini," fundi alisema. "Ngojeni kesho."

Kumwambia msafirishaji wa miraa, majani yanayotafunwa yakiwa mabichi, angoje kesho ni kumtukana. Miraa ikilala, imekufa. Kaka akafungua fungu moja la mzigo wake, akatoa kamba ya mgomba tunayofungia miraa, akaizungusha penye sili. "Hii hufunga kila kitu," akasema. Fundi hakucheka. Alirudisha gurudumu, akanawa mikono polepole bila kumtazama.

Wakati mzigo unapakiwa, nilimwambia kaka kwamba oili ikivuja itaingia kwenye breki, zisishike. Nikafoka mpaka soko zima likageuka. Mjinga yule akawasha gari, akafungulia redio mpaka mwisho.

Aliondoka kwa ile kasi ya kichaa ya madereva wa miraa. Pale gurudumu lilipokuwa limesimama palibaki matone ya oili, mabichi. Nikainua macho nitazame mteremko. Kabla ya kona taa zake za breki ziliwaka, zikazima, zikawaka tena. Pikapu haikupunguza mwendo.