Mama Mkwe na Usukani Uliolegea

Mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa mwalimu Suneka, Mungu alinijalia gari kuukuu. Ijumaa moja nilikuwa nikimrudisha mama mkwe wangu kwake Nyacheki. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake wa miezi minane, na alitaka afike kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Nami nilitaka sana kumpendeza.

Kwetu Wagusii, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawatazamani, wala hawakosoani uso kwa uso. Kwa hiyo aliketi nyuma yangu, mtoto mapajani, nami nikakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia paa. Mke wangu, mjumbe kati yetu, aliketi kando yangu akasinzia hata kabla ya Kisii.

Usukani ulikuwa na vituko tangu wiki iliyotangulia. Niliuzungusha robo nzima kabla magurudumu hayajasikia. Gari lilivutwa kushoto, kuelekea mtaroni, kama ng'ombe aliyeona migomba. Katika kila shimo, kitu kiligonga chini ya miguu yangu: ko, ko. Nilijiambia ni uzee tu, nikaimba nyimbo za kanisani kwa nguvu nisikisikie.

Tulipokaribia Kenyenya, sauti ikatoka nyuma yangu.

"Mjukuu wangu," mama mkwe alimwambia mtoto, "umeona baba yako anavyosonga ugali? Anakoroga, anakoroga, na gari halina habari."

Mtoto akacheka. Mimi nikakaza macho barabarani.

"Wewe cheka tu. Mbele kuna ule mteremko wa mtoni. Mimi nimekula chumvi nyingi, lakini wewe hata meno hujamaliza kuota. Mwambie baba yako, jembe likicheza kwenye mpini, mtu haendi nalo shambani."

Nikasimama kwa fundi, kando ya soko la Kenyenya. Aliingia chini ya gari, akatoka upesi kuliko alivyoingia.

"Mwalimu, wewe unaomba sana, ama?" akauliza. "Kiungo cha kugeuzia gurudumu kimelika chote. Nimekivuta kwa mkono tu, kikaachia. Kwa mteremko ule mngeingia mtoni nyote."

Akatazama jua lilivyoinama juu ya mashamba. Naye alikuwa mshika Sabato. "Hii sasa ni kazi ya Jumapili," akasema, akiweka spana chini. "Mtalala kwangu."

Mke wangu akafumbua macho. "Tumefika?"

"Tumefika," mama yake akamjibu. "Shuka."

Tulipanda kilima kwenda kwa fundi, mama mkwe mbele, mtoto akinitazama kutoka begani mwake. Nikasogea kadiri heshima ilivyoniruhusu.

"Mwanangu," nikasema, "mwambie nyanya yako asante sana."

"Mwambie baba yako amshukuru Mungu," akajibu bila kugeuka. "Na kioo akiache vile vile. Atengeneze usukani."