Kanga ya jasho ilivyoingia chumba cha watoto njiti, Tabora enzi za Ujamaa

Wakuu, habari za humu ndani. Walio wadogo, marahaba, nimeipokea hata kabla hamjaniamkia.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini apite tu, sina ugomvi naye.

Enzi za Ujamaa nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye hospitali moja pale Tabora. Elimu yangu darasa la nane, msinicheke.

Tulikuwa na chumba cha watoto mahututi, wengi wao njiti. Sasa msifikirie ICU zenu hizi. Sisi tulikuwa na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa blanketi na mtungi mmoja wa oksijeni.

Akina mama marufuku kuingia, eti wataleta vijidudu. Wanakamua maziwa wodini, sisi tunawanywesha watoto.

Daktari wetu alikuwa anafanya utafiti, anataka kujua kwa nini watoto waliotengwa na mama zao wanachelewa kupona. Akatugawia madaftari tuandike tunachokiona. Wenzangu waliandika uzito na joto, basi. Mimi niliandika mpaka nani kalia na kanyamazaje.

Ndipo akaja Nyamizi kwa treni kutoka Kaliua, mkulima wa kijiji cha ujamaa. Alijifungua njiti wa kike hapo hapo hospitali, tukamchukua kabla hajamshika. Mtoto alikuwa anasahau kupumua. Unamgusa unyayo, anakumbuka.

Siku ya tatu maziwa ya Nyamizi yakakata. Kila nikipita ananiuliza kama mtoto bado yupo. Niliumia jamani, na mimi nilikuwa na wangu mchanga nyumbani Isevya.

Nikamwambia anipe kanga yake nimlalishie mwanawe, asikie harufu ya mama.

Kesho yake kanipa kanga imefuliwa, imekunjwa, inanukia sabuni! Angeletaje kanga ya jasho hospitali, watu wamwone mchafu? Nikaitandika hivyo hivyo. Mtoto hakubadilika, nikaandika.

Nikamrudia, nikamwomba ile aliyojifunga. Akaona haya.

"Nyamizi, mwanao haijui sabuni. Anakujua wewe."

Akaifungua kifuani, akajifunga ile safi.

Wakuu, mtoto aligeuza uso akauzika kwenye ile kanga, akatulia. Mchana kutwa nilimgusa unyayo mara moja tu. Nikampelekea mama kitambaa alicholalia mwanawe. Alikinusa, akalia, gauni likalowa maziwa.

Jioni matroni akaikuta kanga. Chumba cha mahututi kinanuka jasho! Akaniamuru nivue sare niende nyumbani. Nikaanza kufungua vifungo, na kazi ile ndiyo ilikuwa maisha yangu.

Daktari akaingia, akaomba daftari langu. Akasoma siku ya kanga safi, akasoma siku ya kanga chafu. Akarudia tena.

"Matroni, kama kanga imefanya haya, mwenyewe anakaa nje kwa nini?"

Nyamizi akanawa mikono, akaingia. Tukamwekea mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi. Alikuwa hajawahi kumshika.

Alirudi Kaliua na mtoto mzima. Mimi nilibaki na sare yangu, na kwenye ripoti ya utafiti daktari aliandika jina langu kamili. Nilitembea Isevya nzima kifua mbele, na leo bado najivuna, mtanisamehe.

Funzo: ukipewa daftari, andika hata lile unaloona ni dogo. Na mama si mgeni kwa mwanawe, hata mtoto akiwa mahututi.

Wauguzi wenzangu, na nyie mliozaliwa njiti, semeni. Mama zenu walifunguliwa mlango siku ya ngapi?