Fremu ya Kwandu

Baba mdogo Mayige hakuweza kupita mbele ya picha ya kiongozi ukutani bila kuinyoosha kwa kidole gumba. Dukani kwa watu, hata msibani: "Mwangaluka," anasalimu kwa Kisukuma, kisha kidole kwenye fremu, ndipo akae. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Somanda kwa miaka mingi.

Binti yake Kwandu alisomea sanaa chuoni. Baba yake alisema sanaa ni ngoma na vigoda tulivyoachiwa na wazee; mengine yote ni dharau.

Mwaka jana, mavuno yalipokwisha, Kwandu alipata kibali cha kutumia kiwanja kando ya soko. Alileta miti mikavu ya pamba kutoka Nkoma, akaifunga ikawa watu, wamepanga foleni mbele ya fremu kubwa isiyo na picha. Wa kwanza ameinua kidole gumba, anainyoosha.

Watu wa sokoni hawakuhitaji kuelezwa.

"Mwenyekiti," muuza dagaa Specioza alimwita, "hata ukikauka namna hii bado unanyoosha tu?"

Walicheka. Yeye hakucheka.

"Umenianika sokoni," alimwambia bintiye. "Ondoa takataka zako."

"Nina kibali, baba."

"Kibali ni cha sanaa. Hii ni miti ya pamba."

Kila mkulima huku anajua: msimu ukiisha, miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa, wadudu wasivuke kwenda msimu ujao. Baba mdogo ndiye aliyezunguka na kipaza sauti kila mwaka kuwakumbusha watu. Asubuhi iliyofuata alikwenda na mgambo na kiberiti. Nani angempinga? Alikuwa anatekeleza sheria.

Kwandu alisimama pale mpaka yakabaki majivu. Kisha akapanda basi la Mwanza, na hakumpigia baba yake simu tena. Mimi nilibaki, nikaendelea kumwamkia baba mdogo kwa sababu ni baba mdogo. Moyoni sikumsamehe. Nikipita kiwanja kile, hata sasa, simsamehe.

Mwaka huu kiharusi kilimlaza hospitalini, mkono wa kulia ukafa. Nilimuuliza kama nimpigie Kwandu aje.

Alitazama ukuta.

"Usimpigie," alisema. "Ila siku ukimwona, mwambie fremu yake ilikuwa imelalia kushoto. Niliinyoosha kabla ya kuwasha."