Nilimfundisha Mwanangu Kiziwi Kutikisa Mikono

Naombeni mnisitiri jina, na kabla hamjanitukana nisomeni mpaka mwisho. Nina miaka thelathini na tatu, naishi Temeke, nashona nguo nyumbani. Mume wangu ni fundi samani Keko. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miaka minane, homa ilimwondolea usikivu akiwa bado ananyonya. Hapa nitamwita Pili. Mimi lugha ya alama nilijifunza shuleni kwake, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka nikaweza hata kumsuta. Baba yake hajui hata alama ya maji. Anasema mikono yake ni ya kazi. Sikatai, na kazi yake mojawapo ni kunipiga mimi.

Kuna kipindi cha vichekesho cha watoto kwenye runinga, kimetengenezwa kwa kuwafikiria watoto kama Pili. Hakuna anayeongea. Ni mafundi wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wanajenga nyumba isiyoisha, na kila mmoja akigeuka na ubao anamtwanga mwenzake kichwani. Aliyepigwa anaanguka, anainuka, anawatazama watoto, kisha anainua mikono miwili juu na kuitikisa. Viziwi hupiga makofi hivyo. Kwenye kipindi maana yake ni kwamba sijaumia, tunacheza tu. Pili naye hutikisa yake, anacheka mpaka anashika mbavu.

Miaka miwili iliyopita, mchana wa Jumapili, chakula kilichelewa. Mume wangu alichukua mguu wa stuli, wa mbao ngumu ya mninga, aliokuwa ameuleta nyumbani kuutengeneza, akanipiga nao mgongoni, kisha begani, kisha akanikanyaga tumboni. Nilipoinua uso nikamwona Pili mlangoni, midomo inamtetemeka. Sikuwaza mara mbili. Nilisimama, damu inanichuruzika puani, nikainua mikono yangu nikaitikisa. Mwanangu akacheka. Akatikisa na yake.

Nilijiona mjanja kweli, jamani. Kuanzia hapo ikawa ndiyo dawa. Alinitoa jino, nikatikisa. Alinigonga kichwa kwenye cherehani mpaka nikapasuka paji la uso, nikajifuta kwa kitenge nikatikisa. Majirani wa nyumba yetu ya kupanga wakisikia vishindo huongeza sauti ya muziki wao wa singeli. Aliyekuwa ananitazama ni mtoto wangu peke yake, na yeye nilimdanganya. Mguu wa stuli ukahamia nyuma ya mlango, kama vile fagio lina mahali pake.

Wiki hii mwalimu wake alitupigia simu, sote wawili twende shule. Pili alikuwa ameuchukua ule mguu wa stuli, akautia kwenye begi, na wakati wa mapumziko akampiga nao mwenzake wa darasani, kiziwi kama yeye, rafiki yake wa kugawana naye maandazi. Alimpiga kichwani kwa nguvu zake zote. Yule mtoto ameshonwa nyuzi nane, na jicho la kushoto bado halioni vizuri.

"Mama Pili, hakukimbia," mwalimu aliniambia. "Tulimkuta amesimama pale pale, damu imejaa chini, anamsubiri mwenzake ainuke atikise mikono."

Mguu wa stuli ulikuwa mezani kwake. Mume wangu aliutazama, akanitazama mimi. Mwalimu akamuuliza Pili kwa alama, nani kakufundisha? Mtoto akajibu bila woga, vidole vinakwenda mbio. Baba anampiga Mama na hiki. Mama anaanguka. Mama anainuka, anatikisa. Mama haumii.

"Anasemaje?" mume wangu akauliza.

Nikasema, "Anasema kaona kwenye kile kipindi cha vichekesho."

Mwalimu anaijua kila alama. Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Mume wangu akapata sauti. "Si mnaona? Mie nilishasemaga, upuuzi ule ufungiwe! Tuandike barua, wazazi wote tusaini." Mwalimu akasema tukutane tena Jumatatu, na wazazi wa yule mtoto wawepo.

Tulipofika nyumbani alianza na runinga, akaipiga teke ikaanguka kifudifudi, akaikanyaga mpaka kioo kikasagika. Kisha akanigeukia mimi. "Mguu wa stuli kautoa wapi, we mwanamke? Unataka nifungwe?" Alinikunja mkono wa kulia nyuma ya mgongo, nikausikia unavunjika. Akanitupa chini akatoka.

Pili alikuwa mlangoni. Akainua mikono yake, akatikisa kidogo, akanisubiri. Nilijaribu. Mkono wa kushoto uliinuka, wa kulia ulining'inia. Akadhani nimesahau mchezo. Akaja, akapiga magoti kwenye vioo, akaushika ule mkono uliovunjika, akaunyanyua juu na kunitikisia yeye mwenyewe, huku anacheka.

Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga. Hakuzisikia.

Hospitali nilisema nimeteleza bafuni. Sasa mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu, naandika kwa wa kushoto. Kikao ni keshokutwa. Nikisema ukweli, mume wangu ameshaniapia kwamba sitarudi nyumbani nikiwa mzima. Nikinyamaza, watoto viziwi watanyang'anywa kipindi chao kwa kosa la nyumbani kwangu, na mtoto wa watu atakuwa ameharibiwa jicho kwa sababu ya uongo wangu. Pili kila siku anauliza rafiki yake atatikisa lini. Nilichotaka mimi ni mtoto asiogope tu.

Nishaurini, wenzangu, hasa nyie wenye watoto. Na kama kuna anayejua, aniambie: nitamwelezaje mwanangu, kwa mkono huu mmoja uliobaki, kwamba Mama alikuwa anaumia?