Kurasa Nilizowashia Moto

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, baridi ya kwetu Mdandu ikiuma mpaka kwenye kucha. Kuni zilikuwa mbichi, na mimi nilikuwa nachelewa kupeleka viazi vya biashara kwenye malori ya Makambako. Nikachukua kitabu kwenye rafu, nikachana kurasa za mwisho, nikawashia moto. Ukawaka vizuri sana. Nilijiona mwerevu!

Kilikuwa kitabu cha hadithi ya mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea. Kabla ya biashara nilikuwa nakisoma jioni jikoni, na mama mkwe wangu, ambaye hakwenda shule, alikaa karibu akimenya viazi na kusikiliza. Biashara ilipochangamka nikaacha. Nikisoma kitu, basi ni maelezo kwenye mfuko wa mbolea. Nikiulizwa najibu kama bosi: sina muda.

Jioni ya siku ileile niliporudi, mama mkwe akaniambia, "Mama Tumaini, leo nisomee kidogo tu. Nataka kujua yule mama alimpata mwanawe au hakumpata. Miezi minne sasa nasubiri."

Aibu ilinishika, mwanangu. Nikamwambia ukweli, maana jivu lenyewe lilikuwa mbele yetu. Nikajitetea kwamba kazi ni nyingi. Hakupandisha sauti.

"Pale Makambako, lori linajaa saa ngapi?"

"Wakati mwingine mpaka saa nane mchana, mama."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nakaa tu juu ya magunia."

"Basi muda unao. Umeukalia."

Heri angenitukana. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wiki iliyofuata nikapanda gari hadi Njombe, kwa mwalimu wangu mstaafu aliyekuwa akiishi Mjimwema, nikamwomba nakala yake ya kitabu kile. Akanipa, na kwa kunihurumia au kunikomoa, sijui, akaniongezea kitabu cha ufugaji nyuki na kingine cha safari za nchi za mbali. Nikawa nasoma palepale juu ya magunia. Wapakiaji walinicheka, wakaniita Profesa wa Viazi. Baadaye haohao wakawa wananiuliza nimefika wapi.

Jumapili baada ya ibada nikamsomea mama mkwe zile kurasa nilizozichoma. Yule mama alimpata mwanawe, ila alikuwa mtu mzima tayari, na hawakutambuana upesi. Mama mkwe alilia, akajifuta kwa kitenge, akasema mwandishi hana huruma, angewakutanisha mapema. Kisha akauliza, "Haya, na hicho cha nyuki kinasemaje?" Nilifurahi kuliko siku ya mavuno. Mimi cha nyuki nilikiona kinachosha, kumbe yeye alikuwa anakishika neno kwa neno, na mwaka haukuisha tukawa na mizinga miwili nyuma ya nyumba. Asali yake tuliigombania.

Mwanangu, najua una ofisi, una watoto, na una simu isiyonyamaza. Sikuambii uache kazi. Nakuambia tembea na kitabu, ukisome pale unaposubiri, kliniki, benki au stendi, hata kama ni kurasa mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Wala usisome mambo ya kazi yako peke yake. Anayekula viazi kila siku atashiba, lakini mwili utamdai mboga. Soma hadithi, soma historia, soma habari za watu usiowajua, na kile usichokipenda kipe kurasa kumi kabla hujakirudisha. Na kama nyumbani kwako yupo asiyeweza kusoma, msomee, tena usimwache njiani kama nilivyomwacha mimi.

Mungu akulindie macho yako, akupe nafasi katikati ya shughuli zako, na siku zote nyumbani usikose mtu wa kukuuliza, "Halafu ikawaje?"