Nauli ya Kutoka Barabarani

Nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji, mume wangu aliuliza mshahara ni kiasi gani. Nikamwambia mshahara hakuna, ila nikiitwa kikaoni mjini narudishiwa nauli. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Nauli yenyewe ilikuwa ya basi, kutoka kituo chetu kwenye barabara ya Iringa mpaka Dodoma. Lakini mimi sikai kituoni. Kutoka kwangu hadi kwenye lami ni mwendo mrefu, na katikati kuna korongo la mchanga. Bodaboda wa kukuvusha pale anataka hela nyingi kuliko basi.

Nilikuwa naongozana na mwenyekiti wa kitongoji jirani, mzee mfugaji asiyevua koti hata jua likiwaka. Siku moja tulimweleza shida hiyo afisa aliyekuwa akitulipa nauli. Alikuwa kijana mpole, tena mwenye adabu.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. "Nimewaelewa, ila mwongozo unasema nauli ya basi. Bodaboda hana risiti. Na kutoka barabarani si ni hapo tu?"

"Ni hapo tu," mzee akamjibu. "Njoo ututembelee."

Akaja kweli, kukagua kisima chetu kipya. Tulimsubiri kisimani mpaka tukachoka, tukaamua kumfuata. Tulimkuta korongoni, amekunja suruali, anachimbua mchanga kwa mikono, gari limezama hadi tumboni. Ikabidi jirani yangu mmoja alete ng'ombe wake wa kulimia. Wale ng'ombe walivuta taratibu, gari likatoka, na watoto waliokuwa wakitoka kuchota maji wakapiga vigelegele.

Afisa alimlipa jirani kwa furaha, kisha akauliza kwa mazoea, "Risiti je?"

Jirani hakuelewa. Akamgeukia mzee, "Anasemaje huyu?"

"Anataka ng'ombe wako wamwandikie karatasi," mzee akasema.

Tulicheka sote, na afisa akacheka kutuzidi. Nyumbani kwangu alikula ugali wa uwele na mlenda, akaongezewa, akaondoka kabla jua halijazama.

Tulipokutana tena mjini alituvuta pembeni. "Hela yangu ya ng'ombe imekataliwa," alisema. "Mhasibu anasema ng'ombe hawamo kwenye mwongozo. Sasa ndiyo nimejua mlivyokuwa mnajisikia."

Alituambia ameshawaandikia wakubwa wake, akiomba nauli ihesabiwe kuanzia mtu anapoishi. Sikuweka matumaini makubwa. Jibu lilikuja tukiwa tumeshavuna uwele: wamekubali, na risiti ya bodaboda haitadaiwa. Nilimpigia mume wangu simu nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Aliniambia sasa naanza kufanana na mtu mwenye kazi.

Kikao kilichofuata nilikwenda kwa bodaboda, nikafika mapema, nikapata kiti cha mbele. Mzee aliingia kikao kikiwa kimeanza, miguu imejaa vumbi. Wakati wa kulipwa alimwambia afisa wazi kwamba yeye bado anatembea kwa miguu hadi barabarani.

"Pikipiki naiogopa, mwanangu. Usiniandikie."

Afisa aliusoma tena mwongozo, kalamu mkononi. "Basi mzee, umetembea badala ya pikipiki. Hapa wameandika kutoka nyumbani hadi barabarani, hawakusema kwa usafiri gani."

Akamlipa sawa na mimi. Tukaenda stendi, na mzee akaninunulia chai na chapati mbili.