Paa Walioacha Kuja Mchana

Mwaka ule ndio mwaka tuliokula dagaa wakavu na wali, mchana dagaa, usiku dagaa. Wengine huhesabu miaka kwa tarakimu, mimi nahesabu kwa sufuria. Kabla yake ulikuwa mwaka wa maziwa ya mbuzi, tukinywa mpaka matumbo yanalia, na baada yake ikaja miaka ya kuku wa barafu, duka lilipofunguliwa njia panda na kila nyumba ikanunua friza. Katikati hapo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mvua iliisusa Amerat yetu, nje kidogo ya Muscat, viwele vya mbuzi vikakauka, na harufu iliyokuwa ikiniamsha asubuhi haikuwa ya chai wala ya mkate. Ilikuwa harufu ya tende mbovu zilizolowekwa kwenye ndoo, tamu na chachu kwa pamoja, harufu inayokukaa kwenye nywele hata ukishaoga. Tende zile hazikuwa zetu sisi, wala za mbuzi. Zilikuwa za paa.

Baba yangu alizaliwa Tabora, akaja Muscat mtu mzima na mkewe, na kazi aliyoipata ni kuendesha gari la maji. Amerat ya siku zile haikuwa mji. Zilikuwa nyumba chache zilizokaa mbalimbali, nyuma yake mlima mtupu, kokoto na migunga. Baba aligawa maji nyumba kwa nyumba, na yale yanayobaki chini ya tangi akaja kuyamwaga kwenye pipa la mafuta alilolipasua kwa urefu na kulilaza chini ya mgunga, pale bonde linapoanza. Alimkuta paa mmoja amekufa kwa kiu karibu na barabara, ulimi nje, akarudi nyumbani hali chakula. Paa wa huku ni wadogo, miguu kama vijiti, rangi ya mchanga uliolowa, tumbo jeupe. Kwao Tabora babu alikuwa akiwawekea nguruwe mwitu pumba na chumvi pembeni ya shamba la mihogo, na wakishazoea anawapiga risasi. Si kwa kuwala, astaghafirullahi, ni kwa kuiokoa mihogo. Baba aliuchukua ujuzi ule ule akaugeuza kichwa chini: aliwazoesha wanyama ili waishi.

Kila ikishaswaliwa alasiri, baba alipiga kopo la maziwa ya unga kwa spana, ngo, ngo, ngo, na mimi nikamwaga tende na majani makavu. Mwanzo tuliona nyayo tu. Halafu wakaja sisi tukiwa ndani ya gari, halafu tukiwa nje, na mwisho kopo likilia walikuwa wanashuka mlimani mbio, wadogo mbele. Alikuwapo jike mmoja, sikio lake la kushoto limechanika, ana mtoto, akila karibu na miguu yangu hata nasikia meno yake. Nilikuwa msichana wa darasa la nne, na darasa hilo ndilo nililoishia, lakini hakuna aliyekuwa na fahari kama mimi Amerat nzima. Mama peke yake hakufurahi. "Mnawafundisha ujinga," alisema. Baba akacheka, "Nawalisha, mke wangu." Mama akamjibu huku anachambua mchele, "Unawalisha kwa kopo. Na kopo hupigwa na yeyote mwenye mkono." Baba akaenda kuosha gari.

Sasa nimwingize Ami Khalfan. Huyu alikuwa rafiki ya baba tangu Tabora, akatangulia kuja Oman, na wazazi wangu walipofika bila kujua pa kulala, aliwapa nyumba yake ya Azaiba, kule kule Muscat, mpaka walipopata yao. Kwa hiyo kwetu alikuwa zaidi ya ndugu. Ijumaa moja alikuja na pikapu mpya, na baba, ambaye hakuwa na pikapu wala nyumba ya Azaiba, alitaka na yeye awe na cha kuonyesha. Akampeleka bondeni, akapiga kopo. Paa wakashuka. Ami Khalfan alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Baba Nasra, wewe una zizi la paa, na hata halina mlango," alisema. Kuwinda kulikatazwa na kila mtu alijua, lakini bunduki za wazee zilikuwa bado ukutani, na nilimwona Ami Khalfan anavyolitazama lile kopo lilivyoning'inia kwenye tawi.

Haukupita muda. Siku hiyo baba alikuwa kazini, mimi na mama tuko barazani, tukasikia kopo linalia kutoka bondeni. Mama akainua kichwa. "Baba yako karudi mapema leo," akasema. Kisha tukasikia bunduki. Tulikimbia, mama na kanga moja, mimi bila viatu, na tulipofika tulikuta alama za matairi, damu kwenye kokoto, na tende mtu kazimwaga, hazijaguswa. Kabla ya magharibi mtu akaleta mfuko nyumbani, ndani yake paja zima la nyama, na salamu za Ami Khalfan. Mwaka wa dagaa ule, nakukumbusha. Mama aliupokea mfuko, akashukuru kama inavyopasa, akaenda kuufukia nyuma ya banda. Tulikula dagaa. Baba alikwisha kuambiwa, naye akala.

Kesho yake alipiga kopo na hakushuka hata mmoja. Siku iliyofuata alisimama dume mmoja juu ya ukingo, kopo lilipolia tu akageuka na kupotea. Baada ya hapo hata muungurumo wa gari la maji, ule waliokuwa wakiukimbilia, wakaanza kuukimbia. Baba alikaa juu ya jiwe akanieleza ya nguruwe wa Tabora: ukimpiga kwenye chakula, hakiachi chakula, anaiacha saa yako. Atakuja giza, atakuja upepo ukiwa unatoka kwako kwenda kwake, atamtanguliza mwenziwe asikilize. "Nilijua yote haya," alisema, "nikasahau kwa kuwa nilikuwa nafurahi." Na kweli, maji ya pipa yalianza kupungua wakati ambao hakuna mtu, na asubuhi nyayo zilikuwa mpya. Jike mwenye sikio lililochanika hakuonekana, wala mwanawe, na mimi nilikwisha kuwalilia.

Ni mama aliyeona. Aliona kwamba paa wanaokimbia gari na mwanamume aliyesimama hawakimbii mbuzi, wala msichana anayetembea na mbuzi. Akanitoa kwenye kopo na pipa akanipa kazi mpya: nichunge mbuzi kwenye mabonde ya nyuma, njia tofauti kila siku, tende ndani ya pindo la nguo, nidondoshe nikiwa natembea, nisisimame, nisigeuke, nisiite. Mbuzi wapite, na paa waje nyuma ya mbuzi. Ndivyo ilivyokuwa. Siku niliyothubutu kutazama kwa pembe ya jicho nilimwona yule jike, mbali, anaokota nyuma yetu, na mtoto wake ubavuni. Mama akanionya, "Baba yako usimwambie njia. Si kwa ubaya. Baba yako hawezi kumnyima mtu."

Akaja tena Ami Khalfan wakati wa baridi, mkeka umetandikwa nje. Alikuwa anamwoza binti yake na anataka nyama ya kuwavimbia wakwe. Nilimmiminia kahawa, akaipokea finjani, akaiweka chini. "Sinywi, Baba Nasra, mpaka unipe haja yangu." Kwetu anayefanya hivyo amekwisha kukufunga. Unamjibu ndiyo kabla hujajua anataka nini, kwa sababu mgeni akiondoka na kahawa yake imejaa, aibu hiyo inatembea nyumba kwa nyumba mpaka Ansab. Baba akasema, "Kunywa, Khalfan. Haja yako imekubaliwa."

"Nionyeshe wanakokula siku hizi."

Baba akamtazama mama, mama akatazama birika. "Mimi wallahi sijui," akasema, na ilikuwa kweli. "Anayejua ni huyu anayechunga." Wote wakanigeukia. "Haya, mwanangu," Ami Khalfan akasema kwa sauti ya halua, "mwambie ami yako."

Nilijua naweza kusema sijui. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini sikutaka paa wale waokolewe kwa uwongo, na zaidi ya hapo nilikuwa na hasira. Nikasema, "Nnajua, na sikwambii."

"Mtoto huyu mmemlea wapi, mlimani?" Ami Khalfan alicheka, lakini peke yake. Baba akaniita jina langu, taratibu. "Nasra. Mgeni kaomba." Nikatazama mkeka nikarudia, "Nnajua, na sikwambii." Ami Khalfan akamwambia baba, "Kahawa inapoa." Na baba, ambaye angeweza kunizaba kofi moja tu nikasema yote, akajibu, "Naiona." Mgeni akainuka, akavaa viatu, akaondoka, na finjani imejaa. Baba akaichukua mwenyewe akaimwaga kwenye shina la mndimu. Harusini hatukualikwa. Azaiba walisema kahawa ya nyumba yetu ni ya kumwagwa, na baba aliyabeba maneno hayo mpaka alipozikwa. Hakunipiga, hakunisifu. Baada ya siku ile hakuniuliza njia ya mbuzi hata mara moja, na mimi najua alitaka sana kuwaona.

Leo mimi ni bibi. Mjukuu wangu wa kwanza, Zuwena, yuko darasa lile lile nililoishia na atalipita akicheka. Anasoma Kiarabu, Kiingereza, na Kiswahili chake kinatiririka. Bonde la pipa limekuwa mtaa, nyumba za ghorofa mbili, taa usiku kucha, na magari yanayotoka alfajiri kwenda kazini yanapita juu ya alama za kwato. Watu husema paa wamekwisha. Hawajaisha. Wamejifunza tu kukaa mahali ambapo huna hamu ya kwenda, saa ambayo huna hamu ya kuamka. Mimi ninakwenda, na Zuwena nakwenda naye, kwa miguu. Siku hizi wenye bunduki ni wachache, wenye simu ni wengi. Mkwe wangu Salim, kijana mwema, hajawahi kuua hata njiwa, Ijumaa iliyopita alikuja na kidude chake cha kuruka chenye kamera. "Mama, nitumie tu ile lokesheni," akasema. "Picha haimuui mtu." Nikamwambia picha moja ikitoka, kesho yake bonde zima ni magari na watoto wenye muziki, na jike mwenye mimba hajui tofauti ya kukimbia risasi na kukimbia kelele. Akanibusu kichwa. "Hata mimi, Mama? Mimi mwanao."

"Nnajua, na sikwambii."